Makadirio ya Mita

Katika ofisi ya maji kulikuwa na dhambi moja ambayo kila msoma mita aliifanya na kila mmoja aliikana: kukadiria. Unafika kwenye nyumba, geti limefungwa, au mbwa amelala juu ya kifuniko cha mita na hana mpango wa kuamka, au jua limekuunguza tangu asubuhi na bado umebakiza nyumba sitini. Basi unasimama kivulini, unafungua daftari, unaangalia mwenye nyumba alitumia maji kiasi gani mwezi uliopita, unaongeza kidogo, unaandika. Hakuna anayekuja kukuuliza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukadiria, ndiyo maana wenzake wakamwita Mita. Kwa miaka kumi na tisa alipiga magoti mbele ya kila kisanduku, akaondoa mchanga kwa mkono, akafuta kioo kwa kidole gumba na kusoma namba mara mbili. Wasoma mita wapya walipoletwa, msimamizi aliwapeleka kwake kwanza, naye aliwafundisha namna ya kumkamata anayekadiria. "Muongo anapenda namba nzuri," aliwaambia. "Anapenda sifuri na tano mwishoni. Muongo mjanja analijua hilo, kwa hiyo anazikwepa kabisa sifuri na tano. Wote wawili utawaona. Kitu cha kweli huwa na fujo kidogo."

Sasa bwana huyohuyo, Jumatatu moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na daftari jingine mapajani. Lilikuwa daftari lake la sukari, lile la kliniki, lenye safu za asubuhi, mchana na jioni. Mashine ya kupimia ilikuwa ndani ya kipochi chake, zipu imefungwa. Mita alifikiri kidogo, akaandika 7.8. Juzi alikuwa ameandika 8.4. Akairudia safu ya jana jioni, akaweka 11.2, kwa sababu jana walipata wageni, na mtu mwenye sukari akikaa na wageni hula asichotakiwa kula. Akautazama ukurasa mzima. Ulikuwa na fujo kidogo. Ilikuwa kazi safi kabisa.

Kisha akaenda jikoni, akatoa kichupa cha insulini kwenye mlango wa friji, akaingia nacho bafuni na bomba la sindano. Akavuta yuniti ishirini na nne, akagongagonga bomba kwa ukucha kuondoa povu, akazimwaga zote kwenye tundu la maji machafu. Akafungulia maji. Mkewe alikuwa na tabia ya kukiinua kile kichupa kwenye mwanga wa dirisha aone kimefika wapi, kwa hiyo ilibidi kipungue kila siku kama kawaida.

"Baba Pacha, umeshapima?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni, ambako alikuwa akiwafunga watoto nywele.

"Saba nukta nane."

"Alhamdulillahi. Na sindano?"

"Tayari."

Ilikuwa miezi minne sasa.

Hakutaka kufa. Hili lazima lisemwe mapema, maana baadaye watu walisema mengi. Mita alitaka likizo. Kazini alikuwa na siku ishirini na nane kila mwaka, na msimamizi alimkumbusha mwenyewe akisahau kuzichukua. Ugonjwa, kwa miaka kumi na moja, haukumpa hata Jumapili moja. Aliamka nao, akala nao, akaenda nao msibani na harusini. Ncha za vidole zilikuwa zimekuwa ngumu kama za mshona viatu. Hakukuwa na sahani iliyowekwa mbele yake bila watu wawili watatu kuichungulia kwanza. Siku moja binti zake pacha, wana miaka tisa tu, walimtazama akichukua kipande cha pili cha mkate, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo ya kujali, "Baba, hicho unaruhusiwa?" Akakirudisha. Hakukasirika. Kesho yake asubuhi alikaa kitandani, akaitazama ile mashine, na mkono ukagoma kunyanyuka. Basi. Akasema leo tu. Kesho akasema leo tu.

Akiona kiu imezidi na macho yameanza ukungu, alijidunga kidogo ili mwili usimpigie kelele, halafu akaacha tena. Suruali ya sare ilianza kumpwaya. Miguu ikawa inawaka moto jioni. Mkewe alipomwona anakonda alisema labda kazi ni nyingi, na Mita akakubali kwamba kazi ni nyingi.

* * *

Kliniki ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, na mkewe hakukosa hata mara moja. Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa kipimo na chaki, na ugonjwa wa mumewe aliushika kama alivyoshika kazi zake: kwa orodha, kwa saa, bila kulalamika. Siku ya kliniki alifunga cherehani na kubeba daftari la sukari kwenye mkoba wake, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisiloe.

Daktari alikuwa kijana mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango. Alilifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua karatasi ya maabara, ile ya kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kwa jumla, na uso ukabadilika.

"Mzee, hapa kuna kitu hakiendani. Nyumbani unapata saba, nane, mara moja moja kumi na moja. Maabara inaniambia umekuwa juu sana muda wote. Unajidunga kila siku?"

"Kila siku, daktari," Mama Pacha alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. "Mimi mwenyewe nakiangalia kichupa."

"Chakula?"

"Chakula napika mimi."

Mita aliona mlango umefunguka kidogo, akajaribu kuupitia. Alikuwa ameyaandaa maneno tangu juzi. "Daktari," alisema, "mimi nimechoka."

Daktari alitikisa kichwa huku akiandika. "Lazima uchoke. Sukari ikiwa juu hivi, uchovu ni dalili ya kwanza. Unakojoa mara nyingi?"

"Nakojoa. Lakini nasema nimechoka..."

"Tutakuongezea dozi. Utapata nguvu, utaona." Aliandika. "Kutoka ishirini na nne asubuhi, nenda thelathini na mbili. Jioni kumi na nane. Na mashine yenu ya nyumbani inawezekana imekufa, jaribuni kubadilisha betri. Anayefuata!"

Neno likaishia hapo. Hata nyumbani halikuwahi kufika mbali zaidi. Akimwambia mkewe nimechoka, mkewe alimwambia kapime. Kaka yake mkubwa alipomsikia kwenye simu akisema nimechoka, alimwambia mwanamume hachoki, apunguze wanga.

Njiani Mama Pacha alitembea mbele, mkoba kifuani. Walipofika karibu na nyumbani alisimama. "Nimefikiria," alisema. "Wewe unatoka asubuhi una haraka, labda dawa inamwagikia nje ya ngozi hujui. Kuanzia kesho nitakudunga mimi."

"Hapana, mama, usijisumbue. Una kazi zako."

"Ni dakika mbili."

"Nimekwambia nitajidunga."

"Na daktari amesema haiingii! Au unataka nikuuguze umekatwa mguu?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mita alijua, na kwa haki yake tuseme kwamba alifungua mdomo. Lakini angeanzia wapi? Mtu ambaye ofisi nzima inaapia namba zake, aseme kwamba kila namba katika lile daftari aliitoa kichwani? Aliona afadhali adungwe. Alijiambia labda hivi ndivyo itakavyokwisha, kimyakimya, mkewe atamdunga, sukari itashuka, na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu.

* * *

Siku ya kwanza haikuwa mbaya. Siku ya pili alitetemeka kidogo saa tano, akala ndizi, akapata nafuu. Siku ya tatu alikuwa na mtaa mrefu wa majumba yenye mageti, na chai ya saa nne aliiruka ili amalize kabla jua halijawa kali.

Mwili wake ulikuwa umekaa karibu bila dawa kwa miezi minne. Sasa ulikuwa unapewa dozi kamili na nyongeza juu yake, dozi iliyopangwa kwa ajili ya mtu wa kwenye daftari, yule wa saba nukta nane na sindano kila asubuhi, ambaye hakuwahi kuwapo.

Kwenye geti la kijani alibonyeza kengele, akasema "Maji!" kama siku zote. Mama mwenye nyumba alimfungulia. Mita akapiga magoti mbele ya kisanduku na akakaa hapo. Akakaa mno. Yule mama alipomsogelea alimwona akiandika namba juu ya namba kwenye mstari mmoja, jasho likimtiririka hadi kwenye karatasi.

"Vipi wewe? Mbona huondoki?"

Mita alimjibu kitu. Kichwani mwake kilikuwa ombi la kiungwana kabisa la maji yenye sukari. Nje kilitoka kama mlio. Akajaribu kusimama, akaushika mkono wa yule mama ili asianguke, naye akapiga yowe.

Watu walikuja haraka. "Saa nne asubuhi amelewa!" mama alisema. "Na anataka kunishika!" Mita alikuwa ameshalala, shavu juu ya kifuniko cha mita. Kijana wa nyumba ya pili akatoa simu akampiga picha, akahakikisha sare na kitambulisho vinaonekana vizuri. Mwingine akammwagia ndoo ya maji ili pombe imtoke. Suruali ilikuwa imeshalowa kabla ya hiyo ndoo, na hilo nalo lilionekana na likachekwa.

Aliyemwokoa ni mwanamke aliyekuwa akifua nguo uani. Mama yake alikuwa na ugonjwa huohuo. Aliukamata mkono wa Mita, akausikia ulivyo baridi na jasho, akakimbilia jikoni bila kumwomba mtu ruhusa, akarudi na kiganja cha sukari. Akampakaza ndani ya mashavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, huku amemlaza ubavu. "Huyu hajanywa kitu," alisema. "Mnacheka maiti."

* * *

Alipopata fahamu vizuri alikuwa wodini, dripu mkononi. Kitu cha kwanza alichosikia ni sauti ya mkewe nyuma ya pazia.

"Nilivuta thelathini na mbili, sista. Nakuapia. Nilihesabu vile vistari mara mbili, na miwani nilivaa. Labda mwanga. Labda niliona thelathini na mbili kumbe ni zaidi." Hapo sauti ikamkatika. "Nimekaribia kumuua mume wangu kwa mkono wangu."

"Mama, tulia kwanza," muuguzi alisema. "Dozi kama hiyo kwa mtu aliyezoea haiwezi kumwangusha hivi."

"Basi nilikosea mimi! Mimi nakata nguo za watu kwa sentimita, nimeshindwa vistari vya sindano!"

Mita alilala akitazama dari. Alikuwa na nafasi ya mwisho ya kunyamaza, na nusu yake ilitaka kuitumia. Mke angeendelea kujilaumu, daktari angepunguza dozi, maisha yangerudi palepale. Lakini mwanamke huyu alikuwa analia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, hata msibani kwa mama yake hakulia hivyo.

"Mama Pacha," aliita.

Pazia likavutwa. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alisimama nyuma.

"Vistari ulivihesabu sawa," Mita alisema. "Mkono wako hauna kosa. Mimi ndiye nilikuwa nazimwaga."

"Unamwaga nini?"

"Dawa. Bafuni. Tangu watoto walipofunga shule ule muhula mwingine."

Mama Pacha alimwangalia kama mtu anayesikiliza habari ya watu asiowajua. "Kichupa kilikuwa kinapungua."

"Nilikuwa nakipunguza."

"Na zile namba? Asubuhi, mchana, jioni? Saba nukta nane?"

Midomo ilikuwa bado na ladha ya sukari.

"Nilikadiria," alisema.

Katika nyumba ile neno hilo halikuhitaji maelezo. Kwa miaka kumi na tisa lilitajwa mezani kama watu wengine wanavyotaja wizi. Mama Pacha aliuchukua mkoba wake sakafuni, akatoa lile daftari kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka juu ya shuka karibu na mguu wa mumewe, taratibu, kama anavyoweka mtu kitu kisichokuwa chake. Akatoka. Muuguzi akamwacha aende.

Baadaye muuguzi alirudi na kujiegemeza kwenye reli ya kitanda. "Ningeweza kukufokea," alisema. "Nimefokea wengi, miaka ishirini sasa, na sijaona aliyepona kwa kufokewa. Jumatano kuna mshauri chumba namba kumi na nne. Nakuandikia."

"Kumi na nne si kule kwa..." Mita alishindwa kumalizia. Mji mzima ulikuwa unajua chumba namba kumi na nne. Mtu akibishana bila maana aliulizwa kama dawa zake za kumi na nne zimeisha.

"Ndiyo, kule kule," alisema muuguzi. "Mlango ni mmoja, kwa sababu hospitali haina milango mingine."

* * *

Ofisini picha ilikuwa imetangulia. Alipoingia, karani aliyekuwa akiitazama aliifunika simu kwa kiganja, na hilo lilimuuma kuliko kama angeendelea kuitazama. Mita alimpa msimamizi karatasi mbili: moja ya kueleza kwamba sukari ilimshuka, nyingine ya kumwombea ruhusa kila Jumatano asubuhi. Msimamizi alikuwa mtu mwema mwenye kosa moja, alisoma kila karatasi kwa sauti.

"Mfanyakazi tajwa anahudhuria Kitengo cha Afya ya Akili..." Akasimama hapo. Lakini alikuwa ameshachelewa. Chumba kizima kilikuwa kimeshasikia.

Kufikia mchana utani ulikuwa umeshakamilika. Maji yakikatika mtaani halafu yakarudi, hewa hutangulia ndani ya bomba na kuizungusha mita kwa kasi bila tone la maji, na wenye nyumba huja ofisini wakilia kwamba mita inasoma upepo. Mita alipopita kwenye korido, mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Ile yetu nayo inasoma upepo siku hizi." Watu walicheka, na yeye akacheka nao, maana asiyecheka utani kama huo anaupa miguu.

Jioni msimamizi alimfuata hadi penye ngazi. "Samahani ya asubuhi, ndugu yangu. Mdomo ulitangulia." Akaangalia huku na huku. "Shemeji yako alienda kule mwaka mzima, baada ya yule mtoto wetu kufariki. Sijamwambia mtu. Wewe nenda tu." Kisha akaondoka haraka, kama aliyekuwa amekopeshwa maneno na anaogopa kudaiwa.

* * *

Chumba namba kumi na nne kilikuwa kidogo. Nusu yake ilikuwa stoo ya magongo ya kutembelea na viti vya magurudumu vilivyokufa. Mshauri alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, na meza yake haikuwa na kitu isipokuwa saa. Jumatano ile, kwenye benchi nje, Mita alikuwa amekaa dakika arobaini na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Mkewe hakuja. Tangu wodini aliongea naye maneno ya lazima tu: chakula kipo, maji ya kuoga yako tayari. Insulini alijidunga mwenyewe tena, dozi ya chini aliyopangiwa, siku nyingine nusu, siku nyingine kamili.

"Karibu, baba. Niambie kilichokuleta."

"Nimeandikiwa."

"Najua umeandikiwa. Na wewe mwenyewe?"

Mita alijua wapi neno lake hufia, lakini hakuwa na jingine. "Nimechoka," alisema, akasubiri aambiwe akapime.

Yule dada hakuandika kitu. "Umechoka," alisema, "au umeichoka?"

"Nini?"

"Nauliza. Mtu aliyechoka akilala anaamka mzima. Mtu aliyekichoka kitu, hata alale mwaka, akiamka anakikuta palepale. Sukari. Umeichoka?"

Silabi moja tu, katikati ya neno analolitumia tangu utoto. Mita alifungua mdomo aseme ndiyo, na badala ya ndiyo kikatoka kilio. Alilia vibaya, kwa kelele, kofia mkononi, mwanamume wa miaka arobaini na sita aliyezungukwa na viti vibovu. "Nimeichoka," alisema alipoweza. "Dada, nimeichoka. Nimeichoka mpaka naona haya. Watu wanasema mshukuru Mungu una dawa, na ni kweli ninayo, na nikiishika tu nasikia kutapika."

"Wako wengi. Wengi sana wanaificha. Wewe ulikuwa unaifichaje?"

Akamweleza. Alimweleza hata ile 11.2 ya wageni, na alipoieleza alijisikia ameitapika. Dada hakustuka. Hakumwambia ni nidhamu. Walikubaliana jambo dogo, dogo hata likamtia aibu: wiki hii apime mara moja kwa siku tu, aandike kitakachotoka, kiwe kibaya namna gani, na asimwonyeshe mtu. Dozi asiibadilishe mpaka daktari aseme. "Na Jumatano ijayo, kama atakubali, njoo na mama."

"Hatakubali."

"Muulize. Usimkadirie."

Hata alipokuwa akitoka, Mita hakujua kama ule ulikuwa utani.

* * *

Mama Pacha alikuja. Alivaa gauni lake la kwenda kwenye vikao vya shule na akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, kama mzazi aliyeitwa kwa kosa la mtoto.

"Mimi sina shida," alisema kabla hajaulizwa. "Mwenye shida ni huyu. Mimi nimekuja kusikia natakiwa nifanye nini. Nikipewa orodha nitafuata."

"Leo sina orodha, mama," mshauri alisema. "Nataka kujua wewe unaendeleaje."

"Naendelea vizuri."

"Kushona kunaendelea?"

Swali lilikuwa la kawaida, la kufungulia mazungumzo, lakini Mama Pacha aliishika zipu ya mkoba, akaifungua na kuifunga. Mita alimtazama. Ndipo akakumbuka kwamba wiki mbili hizi hakuisikia cherehani, na kwamba hakuwa ameuliza.

"Siwezi kutunga uzi," mkewe alisema. "Nikishika sindano mkono unatetemeka. Sindano ya kushonea! Nimewarudishia watu vitambaa vyao, nimewaambia macho yanauma."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomdunga huyu." Hakumgeukia mumewe, alimwambia yule dada, kama vile hawakuwa watatu. "Siku tatu nilimdunga mtu anayenidanganya. Ananyanyua shati, ananiangalia usoni, anasema asante mama. Ningemzika. Unaelewa, dada? Ningemzika, na wale watoto ningewalea nikijua ni mimi, mpaka nife. Yeye angekuwa ameshapumzika, na mimi nimebeba."

"Sikufikiria hivyo," Mita alisema kwa sauti ndogo.

"Hukufikiria! Miaka kumi na moja nani anafikiria? Nani anaamka kwanza? Nani anabeba glukosi kwenye mkoba kila anapokwenda, hata msibani, hata sokoni? Mimi nimekula chakula chako cha sukari miaka kumi na moja na sina sukari! Wewe ulichoka ukajipa likizo bafuni. Mimi likizo yangu ni ipi?"

Mshauri aliisogeza saa pembeni ya meza. Nje mtu alikohoa kwenye benchi.

"Kwa hiyo na wewe umeichoka," alisema taratibu. "Sukari."

Mama Pacha alitikisa kichwa kukataa. Alilifikiria neno kwa uangalifu wa mtu anayepima kitambaa mara ya mwisho kabla ya kukata.

"Hapana," alisema. "Sukari haijanifanya kitu. Nimemchoka yeye."

Mita aliinamisha kichwa. Alikuwa amesoma namba mbaya nyingi maishani, lakini hakuwahi kusikia moja iliyo sahihi namna hiyo. Hakujitetea. Alitaka kumshika mkono, na alijua mkono hautapokewa, akauacha wake juu ya goti.

Saa ya mezani ilionyesha muda umekwisha. Mshauri hakujifanya kwamba kuna kilichotengenezwa. Aliwaambia wametaja ukweli mbele ya mtu wa tatu, na kwamba kuna watu wanaishi miaka arobaini hawajaufikia. Aliwaambia pia kwamba yuko peke yake kwa wilaya nzima, Jumatano tu, na benchi la nje wameliona. Nafasi wanayo, lakini wakiiacha itachukuliwa.

"Mtarudi?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wake Mita aliona kwamba jibu si lake. Alimtazama mkewe akisimama, akinyoosha gauni, akiuweka mkoba begani na kuufunga zipu hadi mwisho.

"Yeye atarudi," Mama Pacha alisema. "Nitamleta hadi mlangoni."

"Na kuingia?"

"Mlangoni tu," alirudia, asije mtu akamwelewa vibaya.